Freni iliyopotea na kurudi: si ulozi, ni maji

Labda umekwisha kusikia habari ya namna hii katika mtaa wenu, kule Katuba, Kenya au Ruashi. Motokari inatoka Lubumbashi asubui, imejaa watu na mizigo. Mjini freni inakamata vizuri. Mbele, kwenye mteremko mrefu, shofere anakanyaga pedali, nayo inazama mpaka chini sawa vile mguu unaoingia katika matope. Kwa bahati motokari inasimama katika majani ya kando ya njia. Watu wanashuka wakitetemeka, wanaketi chini ya mti. Kisha nusu saa shofere anarudi ndani, anakanyaga tena: freni iko! Ni ngumu, inakamata, kana kwamba hakuna kitu kilichotokea. Fundi anaitwa, anatazama chini ya motokari. Haoni mafuta yaliyomwangika wala chuma kilichovunjika. Anasema: "Hii motokari haina kitu."

Hapo ndipo maneno mabaya yanaanza. "Freni haiwezi kujipoteza yenyewe na kujirudisha yenyewe. Kuna mtu." Wanamtafuta huyo mtu. Ni jirani aliyeona wivu siku motokari iliponunuliwa? Ni shangazi mzee aliyeomba pesa akanyimwa? Familia inagawanyika, watoto wanakatazwa kuingia kwa nyanya yao. Na wakati huo wote motokari inaendelea kubeba watu na ugonjwa wake ndani.

Leo tunataka kukueleza ugonjwa huo. Freni inayopotea kwenye mteremko na kurudi kisha kupoa ina sababu inayojulikana na mafundi wa dunia nzima. Sababu hiyo, mara nyingi, ni maji yaliyojificha ndani ya mafuta ya freni. Dawa yake inauzwa dukani katika chupa ndogo, na bei yake ni ndogo kuliko bei ya pine moja.

MAFUTA YANAYOBEBA NGUVU YA MGUU

Tuanze na kazi yenyewe. Unapokanyaga pedali, hakuna chuma kirefu kinachotoka mguuni mwako mpaka kwenye magurudumu. Unasukuma pompi kubwa ya freni, ile iliyo mbele ya shofere, chini ya kapo. Pompi hiyo imejaa mafuta. Mafuta yanapita katika mirija myembamba ya chuma na katika mipira, yanafika kwa kila gurudumu, na huko yanasukuma pistoni. Mbele, pistoni zinabana plaketi juu ya diski. Nyuma, katika motokari nyingi, zinafungua vibao vya freni visugue ndani ya tamburi. Njo namna motokari yenye kilo 1,000 na zaidi inavyosimamishwa na mguu mmoja.

Siri ni hii: kitu cha majimaji hakikubali kubanwa. Ukikisukuma upande huu, kinasukuma upande ule, kwa nguvu ileile. Mfaransa Blaise Pascal alieleza jambo hilo katika karne ya 17. Lakini ilipita miaka mingi mpaka watu walitie katika motokari. Mwaka 1921, huko Marekani, motokari ya Duesenberg ilitoka ikiwa na freni za mafuta kwa magurudumu yote manne. Mafuta mengi ya freni ya zamani yalikuwa mafuta ya mbono yaliyochanganywa na alkoli. Ya leo yanatengenezwa kwa dawa nyingine, zinazoitwa glikoli.

Wewe kijana, unaweza kuona siri hii kwa macho yako. Tafuta sindano mbili mpya za plastiki, bila ncha ya kuchoma, na kijirija chembamba cha kuziunganisha. Jaza maji yote, bila hewa hata kidogo. Sukuma moja: nyingine inatoka papo hapo. Sasa acha pepo kidogo iingie katika kijirija, sukuma tena. Utasikia kidole kinaingia laini laini, na sindano ya pili inachelewa, au haitembei kabisa. Nguvu yako imekwenda kubana pepo. Kumbuka mchezo huo, maana ndiyo ajali yenyewe tunayoieleza hapa.

MAFUTA YENYE KIU

Mafuta ya motere na mafuta ya kupikia hayapendani na maji. Ukiyachanganya, yanaachana. Mafuta ya freni si hivyo. Haya yanapenda maji, yanayanywa kutoka hewani.

Mama, wewe unajua chumvi ulioiacha wazi wakati wa masika. Hakuna mtu aliyeitilia maji, lakini asubui unaikuta imelowa. Mafuta ya freni ni ndugu ya chumvi hiyo. Hewa yenye unyevu inapita polepole katika kifuniko cha kichupa, na hata katika mipira ya freni, maana mpira si ukuta wa chuma. Siku kwa siku, masika kwa masika, mafuta yanakunywa. Huoni maji yakielea juu, kwa sababu yanajichanganya kabisa. Kichupa kinaonekana kimejaa sawasawa. Shofere anafungua kapo, anatazama, anasema: "Mafuta iko, twende." Na kweli mafuta yapo. Lakini siyo yale yaliyotiwa siku ya kwanza.

Maji hayo yanaleta uharibifu mara mbili. Kwanza yanaotesha kutu ndani ya pompi na ndani ya silenda za magurudumu. Kutu hiyo inakwaruza mipira midogo inayozuia mafuta yasivuje. Pili, na hili ndilo linaloua, yanashusha kiasi cha moto ambacho mafuta yanaweza kuvumilia mbele ya kuchemka.

MOTO UNAPOFIKA

Kila mara unapopunguza mwendo, mbio ya motokari inageuka kuwa moto kwenye diski na tamburi. Kwenye mteremko mrefu, shofere anayekaa mguu juu ya freni muda wote anaweza kupasha diski mpaka digrii mamia. Moto huo unapita katika plaketi na pistoni, unafika kwa mafuta.

Mafuta mapya ya aina ya DOT 3 hayachemki mbele ya kufika digrii 205. Lakini yakiisha kunywa maji asilimia 3.7, sheria ya watengenezaji inadai yavumilie digrii 140 tu. Asilimia 3.7 ni nini? Katika nusu litri ni karibu vijiko vinne vya chai. Vijiko vinne tu, na umepoteza digrii 65! Na yakiendelea kunywa, yanashuka zaidi. Maji peke yake, hapa Lubumbashi, kwenye urefu wa zaidi ya metre 1,200 juu ya bahari, yanachemka kwa karibu digrii 96.

Fikiri sasa sufuria ya maji ya bukari juu ya mbabula. Yakichemka, mvuke unarusha kifuniko, kwa sababu maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi zaidi ya mara 1,600. Ndani ya freni ni vilevile. Tone dogo likichemka, linajaza mrija kwa mvuke. Na mvuke ni kama ile pepo ya sindano zetu: unakubali kubanwa. Shofere anakanyaga, nguvu ya mguu inakwenda kubana mvuke, plaketi hazisikii kitu. Pedali inagusa chini.

Kisha motokari inasimama kando ya njia. Diski zinapoa. Mvuke unarudi kuwa majimaji, mirija inajaa tena, pedali inapanda. Freni imerudi! Fundi anayekuja haoni alama yoyote, maana hakuna kilichovunjika. Mwizi amerudi kujificha mlemle ndani ya mafuta, anangojea mteremko mwingine.

Sasa umeelewa, msomaji, kwa nini nyanya yako hana kesi.

Lakini tusiseme kwamba kila freni inayokosa ni maji tu. Pedali ikibaki ngumu na motokari haisimami, mara nyingi plaketi zenyewe zimepata moto mwingi, haziumi tena. Pedali ikizama polepole motokari ikiwa imesimama, mipira ya ndani ya pompi imechoka, au mafuta yanavuja mahali. Pedali ikiwa laini kila siku, hata asubui na baridi, pepo imeingia katika mirija. Motokari ikivuta upande mmoja, gurudumu moja halifanyi kazi sawa na mwenzake. Na ukipita katika dimbwi kubwa la maji ya mvua, tamburi zinaweza kulowa na kuteleza kwa muda. Kanyaga freni kidogo kidogo ukitembea, zitakauka. Kila alama ina maana yake. Mweleze fundi vizuri ulichosikia mguuni, itamsaidia kuliko kusema tu "freni ni mbaya".

KWA NINI MJI WETU UNATUDANGANYA

Lubumbashi kwa sehemu kubwa ni tambarare. Unaweza kuzunguka mwaka mzima kutoka Kampemba mpaka Kamalondo bila kukutana na mteremko mmoja wa kweli. Freni inafanya kazi fupi, inapoa, inafanya tena. Mafuta mabaya yanaweza kukaa humo bila kujulikana. Kisha inakuja siku ya ndoa au ya kilio, familia inapanda kwenda Likasi. Unapokaribia kule, vilima vinaanza. Motokari imebeba watu saba mahali pa watano, na mifuko ya unga nyuma. Ni siku hiyo freni inaulizwa swali gumu kwa mara ya kwanza. Wandugu waliotembea Kivu wanajua miteremko ya Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola. Waliopita Tanzania wanajua mlima wa Kitonga, upande wa Iringa. Mahali kama hapo mafuta yaliyozeeka hayana pa kujificha.

Kuna sababu nyingine. Motokari nyingi tunazonunua zilitumika kwanza Japani. Zilipanda meli mpaka Dar es Salaam, zikaja kwa barabara kupitia Tunduma na Zambia mpaka Kasumbalesa, safari ya karibu kilometa 2,000. Nani anajua mafuta yake ya freni yalibadilishwa mwaka gani? Aliyekuuzia hajui. Karatasi hazisemi. Basi, ukinunua motokari ya namna hiyo, hesabu kwamba mafuta ni ya zamani. Badilisha mafuta ya freni pamoja na mafuta ya motere, mbele ya kuibebesha watoto.

KUSOMA ETIKETE

Juu ya kifuniko cha kichupa cha mafuta ya freni kuna maandishi madogo. Pangusa vumbi, usome. Utaona neno DOT na namba. Neno hilo linatokana na jina la wizara ya usafiri ya Marekani, iliyoweka vipimo hivyo. Motokari nyingi za Toyota zinaomba DOT 3. Nyingi za Ulaya zinaomba DOT 4.

DOT 3 mpya inavumilia angalau digrii 205, na ikiisha kunywa maji kwa kile kipimo, 140. DOT 4 mpya ni 230, na ya maji 155. DOT 5.1 mpya ni 260, na ya maji 180. Aina hizi tatu ni za jamaa moja; ukikwama unaweza kuongeza DOT 4 juu ya DOT 3 bila kuharibu mipira. Lakini usitie aina ya chini mahali palipoombwa ya juu.

Angalia vizuri: DOT 5, bila ".1", ni kitu kingine kabisa. Inatengenezwa kwa silikoni, mara nyingi ina rangi ya zambarau, na haichanganyiki na nyingine. Vilevile kuna mafuta ya kijani ya Citroën za zamani, yanayoitwa LHM. Hayo ni mafuta ya madini. Hayaingii katika motokari ya DOT hata tone moja.

Ukinunua, chukua chupa iliyofungwa, yenye muhuri chini ya kifuniko. Usinunue mafuta ya freni yanayopimwa sokoni kutoka bido iliyo wazi tangu mwezi uliopita. Hayo yamekwisha kunywa mbele ya kufika kwako. Na chupa uliyofungua nyumbani, usiiweke mwaka mzima ukisema "itasaidia siku nyingine". Siku hiyo haitasaidia.

KUANGALIA KICHUPA

Kazi hii haidai fundi. Mara moja kwa juma, motere ikiwa baridi na motokari ikiwa mahali palipo sawa, fungua kapo. Kichupa kina mistari miwili: MAX juu, MIN chini. Mafuta yawe kati ya hiyo miwili. Mara nyingi utayaona kutoka nje bila kufungua kifuniko, na ni vema usifungue bure, maana kila mara unaialika hewa. Ikiwa ni lazima kufungua, pangusa kwanza vumbi la kifuniko kwa kitambaa safi. Chembe moja ya mchanga inatosha kukwaruza mipira ya ndani.

Mafuta yakishuka polepole katika miezi mingi, ni alama kwamba plaketi zinaisha: pistoni zimesogea mbele, na mafuta yamezifuata. Usikimbilie kuongeza. Angalia plaketi kwanza. Yakishuka katika siku chache, yanavuja. Tazama ndani ya kila gurudumu, tazama chini ya pompi, tazama miguuni pa shofere. Kuna watu wanaoongeza mafuta kila juma na kusema "hii motokari inakula mafuta ya freni". Motokari haili mafuta ya freni. Ni kama baba anayejaza ndoo iliyotoboka badala ya kuziba tundu.

Taa nyekundu ya freni kwenye tablo ikiwaka, na freni ya mukono imeshuka, simama. Usikate waya wa taa ili ikuache na amani. Taa ile haikuchukii.

Rangi nayo inasema kitu. Mafuta mapya ni meupe yenye kung'aa, au ya manjano kama chai nyepesi. Yakiwa meusi kama kahawa, yamechoka na yamejaa uchafu. Lakini usidanganywe: mafuta yanaweza kuwa na rangi nzuri na bado yamejaa maji. Mafundi wengine wana chombo kama kalamu chenye taa ndogo, wanakichovya ndani ya kichupa kupima maji. Ukipata fundi mwenye chombo hicho, mwombe apime. Kama hayuko, fuata kalenda: kila miaka miwili, mafuta yote yabadilishwe. Andika tarehe kwenye kipande cha karatasi, ukibandike chini ya kapo. Hivyo hata atakayekurithi motokari atajua.

KUBADILISHA MAFUTA

Kuongeza juu si kubadilisha. Mafuta yaliyo kwenye magurudumu, yale yanayopata moto zaidi, hayapandi kuchanganyika na yale ya kichupani. Ni lazima kuyatosha kwa chini. Mafundi wanaita kazi hiyo kupurje. Tunaieleza ili ujue kama fundi wako anaifanya yote. Wewe kijana unayejifunza garaji, fanya kwanza mbele ya macho ya mkubwa wako.

Litri moja ya mafuta mapya inatosha motokari ndogo nyingi. Motokari inainuliwa na kukalishwa juu ya vigingi vya nguvu, siyo juu ya kriki peke yake. Mafuta ya zamani yanavutwa kwa sindano kutoka kichupani, mapya yanatiwa. Kisha mnaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na pompi. Hapa kwetu tunaona motokari za volani kushoto na za volani kuume. Kwa ya volani kushoto, la mbali ni la nyuma kuume. Kwa ya volani kuume, ni la nyuma kushoto. Ikiwa kitabu cha motokari kinasema utaratibu mwingine, fuata kitabu, zaidi kwa motokari zenye freni za ABS.

Watu wawili wanafanya kazi. Mmoja yuko kwenye pedali, mwingine yuko na ufunguo kwenye kivisi kidogo cha gurudumu, na kijirija cha plastiki kinachoingia katika chupa yenye mafuta kidogo. Wa chini anasema: "Kanyaga!" Wa juu anakanyaga na kushikilia. Wa chini anafungua kivisi, mafuta meusi yanatoka, pamoja na mapovu. Anafunga. Ndipo anasema: "Achilia!" Asiseme "achilia" mbele ya kufunga, la sivyo pepo itavutwa ndani. Wanarudia mpaka mafuta yatoke safi bila povu. Kisha gurudumu la pili, la tatu, la nne. Katikati ya kazi wanaongeza mapya kichupani, wasiache yafike chini. Kichupa kikikauka, pepo inaingia na kazi inaanza upya.

Mwisho, pedali iwe ngumu na ya juu. Jaribu kwanza polepole katika uwanja, siyo barabarani.

MAMBO YASIYOFAA HATA SIKU MOJA

Kuna watu, njiani, freni ikiisha mafuta, wanatia chochote walicho nacho: mafuta ya motere, mafuta ya volani, hata maji ya sabuni. Wanasema: "Inakamata!" Ndiyo, inakamata saa ile. Lakini mafuta ya petroli yanavimbisha mipira ya freni. Kisha muda mfupi freni zinashikana au zinavuja, na mipira yote, kutoka pompi mpaka magurudumu, inadai kubadilishwa. Akiba ya chupa moja imekula mshahara wa mwezi.

Mafuta ya freni ni sumu. Usiyaweke katika chupa ya Fanta, mama asije akaiweka mezani au mtoto akainywa. Mtoto akiyameza, mpeleke hospitali mbio pamoja na chupa, wala usimlazimishe kutapika. Yakiingia machoni, osha kwa maji mengi. Yakianguka kwenye rangi ya motokari, yanaibabua. Mwaga maji haraka. Na ya zamani usiyamwange kando ya kisima cha parsele. Yaweke katika bido na alama, uyapeleke garaji pamoja na mafuta ya motere.

FRENI IKIPOTEA NJIANI

Shofere, soma hapa mara mbili. Toa mguu kwenye gazi. Kanyaga pedali haraka haraka mara nyingi. Mara nyingine nguvu kidogo inarudi. Shusha vitesi moja moja, ya nne, ya tatu, ya pili, motere yenyewe ishikilie motokari. Kwa motokari ya otomatiki, peleka mkono kwenye 2 au L. Vuta freni ya mukono kidogo kidogo, ukibonyeza kifungo chake, usiivute kwa ghafla. Piga honi, washa taa. Usizime motere, maana volani itakuwa nzito na inaweza kujifunga. Tafuta kilima, majani au mchanga wa kukusimamisha.

Lakini shofere mwenye akili hangojei hapo. Anashuka mteremko na vitesi ileile ambayo angeipandia, anakanyaga freni kwa nguvu kidogo, anaachia ipoe, anakanyaga tena. Wengine wanaondoa vitesi na kuteleza bure, ati wanaokoa esanse. Katika motokari za sasa zenye enjeksio, ukiacha gazi na vitesi ikiwa ndani, motere inakatiwa esanse yenyewe. Unapoteleza bila vitesi unaendelea kuitumia, na umeiachia freni kazi yote.

KILA MTU NA SEHEMU YAKE

Familia nyingi za hapa zina mtu aliyefanya kazi Gécamines au katika kampuni nyingine ya migodi. Yeye anajua: kule, mashini kubwa haitoki asubui mbele ya mtu kuizunguka, kuangalia mafuta na kujaribu freni, na kutia sahihi kwenye karatasi. Akikuta tatizo, mashini inabaki. Hakuna anayemwita mwoga. Baba, kwa nini uangalie freni ya mashini ya kampuni kila siku, na ile inayopeleka watoto wako masomoni usiiangalie hata mara moja kwa mwaka?

Mama, wewe unayetunza pesa za taksi ya nyumbani, tenga kidogo kila juma kwa ajili ya freni, sawa unavyotenga pesa za unga. Shofere akikuambia "pedali inazama", usimjibu "maliza kwanza versema ya leo". Umempa ruhusa ya kubeba watu juu ya shimo.

Kijana, wewe unayepanda tu, una haki ya kuuliza kwa heshima: "Baba shofere, freni iko sawa?" Akicheka, acha acheke. Na ukisikia pedali inapigwa mara tatu mbele ya motokari kusimama, omba kushuka.

Tena, siku mtu atakapokuja na maneno ya ulozi juu ya freni iliyopotea na kurudi, usimfukuze, mweleze. Mwonyeshe zile sindano mbili na kijirija. Kisha fungueni kapo pamoja, muulize: mafuta haya yalibadilishwa lini? Kama hakuna anayejua, msitafute mtu wa kulaumu. Tafuteni fundi, na chupa mpya yenye muhuri.